Kadi Nilizopewa Nipeleke Kamachumu

Mke wangu ndiye aliyeleta wazo kwamba binti yetu, anayetimiza miaka tisa, atengeneze mwenyewe kadi za kualika wenzake. Mimi nilibisha. Kwetu watoto hawaalikani. Mkubwa ndiye anayealika. Nilishindwa, na kwa siku tatu sebule yetu ya Kibeta iligeuka karakana. Binti na mdogo wake walikata kalenda za zamani, wakachora keki upande mweupe, wakabandika vipande vya maganda makavu ya mgomba kwa gundi ya unga waliyoikoroga wenyewe. Siku moja kiwiko changu kikanasa mezani. Nikafoka, wakahamia jikoni kwa mama yao.

Kadi tatu zilikuwa za watoto wa dada yangu anayeishi Kamachumu. Kazi yangu ni kusafirisha kahawa hadi bandari ya Kemondo, na Alhamisi nilikuwa na mzigo wa kuchukua huko, kwa hiyo nilikabidhiwa mimi. Binti alipiga goti, akanipa kwa mikono miwili, akaondoka haraka. Bahasha hazikuwa zimefungwa. Nikiwa nasubiri magunia yapakiwe, nilifungua moja nione mwandiko.

Palikuwa na keki nyekundu yenye mishumaa tisa. Chini yake aliandika: "Karibu kwenye sherehe yangu Jumamosi. Kutakuwa na soda, pilau na muziki. Usiogope, baba atakuwa Kemondo."

Nikasoma tena. Nikafungua ya pili, nikafungua ya tatu. Maneno ni yale yale, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mpakiaji mmoja aliniuliza kama nimepata taarifa ya msiba. Nikamwambia hapana, nikakaa juu ya gunia.

Lazima nieleze. Nikirudi nyumbani hukohoa mara moja nikiwa bado katikati ya migomba ya kibanja chetu, kabla sijafika mlangoni. Ndivyo alivyofanya baba yangu, ili walio ndani wajue mkubwa anaingia. Nikikohoa, televisheni huzimwa, vicheko hukatika, watoto hujipanga wakapiga magoti na kuniamkia. Nimewahi kujisifu mbele ya wenzangu bandarini kwamba mtaa mzima hauna watoto wenye adabu kama wangu.

Nilimpigia mke wangu simu palepale, nimefura, nikamwuliza kama anajua kilichoandikwa.

"Najua, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Zote kumi na moja ziko hivyo. Mwaka jana ulikohoa, watoto wa watu wakakimbilia nyuma ya nyumba na sahani zao. Wawili wakaenda kwao moja kwa moja. Safari hii wenzake wamemwambia hawaji mpaka wajue utakuwa wapi."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema, ungenisikia?"

Nikakata simu. Niliikumbuka sherehe ile. Nilikumbuka keki nzima mezani na uwanja mtupu. Nilidhani wameshiba.

Kadi nilizifikisha kama zilivyo. Dada yangu alisoma, akanitazama, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nilimwona hana huruma hata kidogo.

Jioni hiyo sikukohoa. Nilimkuta binti peke yake sebuleni. Aliponiona alishtuka akaangusha penseli. Mshtuko ule uliniumiza kuliko kadi. Niliiokota penseli nikampa. Nikamwambia Jumamosi naweza kumwachia mwenzangu kazi ya Kemondo, ila siwezi kuja bila kualikwa.

Alinitazama usoni. Nilitambua kwamba anapima, na kwamba nilikuwa nikiogopa jibu la mtoto wa miaka minane. Hatimaye akavuta kipande cha kalenda, akaandika polepole akikiziba kwa mkono, akanipa.

"Baba, karibu kwenye sherehe yangu Jumamosi saa kumi na mbili jioni."

Nilifurahi nikashindwa kuficha. Nilimshukuru, kisha nikamwuliza wageni wake wataondoka saa ngapi.

"Saa kumi na moja, baba," alisema. Halafu, kwa sauti ya kunibembeleza, akaongeza, "Lakini keki yako tutakubakizia."