Moto Katika Kigae

Sifa zote ni za Mungu, aliyenipa pumzi hii ya uzeeni na kuniachia kumbukumbu zangu, hata zile ambazo ningeziacha njiani kama ningeulizwa. Namshukuru kwa hizo pia, na moja yake ndiyo ninayowapa leo.

Juzi binti wa jirani yangu hapa Same alikuja na kipande cha bati kuomba makaa ya moto. Alipoondoka, upepo wetu usiokosa vumbi ulinirudishia harufu ya makaa yale, moshi mwembamba, mkavu, unaowasha pua kidogo. Nikaketi. Watu wa nyumbani walidhani ni miguu imenisumbua tena.

Harufu ile ni ya asubuhi moja milimani, upande wa Bombo, enzi za Mwingereza, nilipokuwa msichana mdogo niliyeng'oka meno ya mbele. Naitwa Nakundwa, yaani anayependwa, na mama alizoea kunitania kwamba jina hilo nilipewa kabla hawajanijua vizuri. Baba alikuwa tambarare, akikata mkonge. Nyumbani tulibaki mama, mimi na mdogo wangu Eliudi, aliyekuwa bado ananyonya.

Maharage na mahindi yetu, kama ya kila mtu pale, yaliishi kwa maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo mababu walilijenga juu ya mashamba. Usiku hujaa, asubuhi hufunguliwa, na maji huteremka kwa mfereji, kila nyumba kwa zamu yake. Tope likizidi ndani yake, pembe hupigwa na watu wote hutoka na majembe kulizoa. Kazi hiyo ya pamoja tunaiita msaragambo. Kila nyumba hupimiwa kipande chake cha tope. Ukifika vipande vimekwisha kugawiwa, umehesabiwa hukuja, na asiyekuja hukosa zamu ya maji mpaka mvua nyingine. Siilaumu sheria hiyo. Bila hiyo ndiva ingebaki dimbwi la vyura.

Asubuhi ile pembe ililia ukungu ukiwa bado umelalia migomba. Eliudi alikuwa na homa, akipumua mbio mbio kama kifaranga aliyenyeshewa. Mama alikuwa amempakata tangu jana yake jioni bila kumweka chini, na moto mafigani ulikuwa umezimika. Kiberiti hatukuwa nacho. Kwetu moto ulifukiwa majivuni mtu anapokwenda kulala, ukaamshwa alfajiri, na moshi ulipopenya kwenye nyasi za paa ndio uliowaambia majirani kwamba ndani mmeamka salama.

Paa letu halikutoa moshi. Nilikuwa nimejibanza ukutani, nikawasikia watu wakipita njiani, majembe yakigongana.

"Mama Nakundwa leo hafuki moshi," alisema mwanamke mmoja.

"Ameshatangulia."

"Huyo? Tangu aolewe hajamtangulia mtu."

"Basi ameteremka kwa mumewe kula mshahara."

Wakacheka, kicheko cha watu wasio na ubaya wowote, wakaendelea na safari. Nilifungua mdomo niwaite. Mama akatikisa kichwa.

"Waache," alisema. "Nyumba wanaijua."

Nilidhani ana hasira. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja mmoja wao ageuke bila kuitwa.

Aliyegeuka ni mtu ambaye hata mama hakumtegemea. Mama Eliza alikuwa jirani yetu wa shamba kwa shamba, na kati yetu kulikuwa na safu ya masale, yale majani marefu tunayoyapanda mpakani. Tangu mvua zilizopita yeye na mama hawakuwa wakisalimiana, kila mmoja akisema mwenzake ameyasogeza masale. Kanisani walikaa mabenchi ya mbali, na mama alipopandisha sauti katika wimbo, Mama Eliza aliinamisha kichwa kama mtu anayeumwa jino.

Nilisikia hatua zikisimama mbele ya nyumba, kisha zikarudi zilikotoka. Nikafikiri huyu naye amekwenda zake. Baada ya muda aliingia bila hodi, jembe begani, na mikononi kigae cha chungu kilichovunjika, chenye makaa mekundu juu ya majivu. Alikuwa amerudi mpaka kwake kuyachukua.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Kalete majani makavu ya mgomba, mwanangu, na usiniletee yenye umande."

Alipiga magoti, akapuliza. Moshi ukajaa chumba kizima, kisha ndimi za moto zikashika kuni. Alibandika chungu cha uji ndipo akamgeukia mama.

"Ana joto hivi tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na umekaa kimya."

"Ningemwambia nani?"

Mama Eliza alifuta mikono kwenye kanga, akainyoosha.

"Nipe mtoto. Nenda kanawe uso."

Mama alisita kama anayeombwa ardhi. Halafu akampa. Nilimsikia nyuma ya nyumba akimwaga maji kutoka kwenye kibuyu, kisha maji tena. Mama Eliza alikuwa anazunguka chumbani na Eliudi begani, akimwimbia wimbo ule ule ambao Jumapili ulimwumiza jino. Mama aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa wa mtu. Akapokea mwanawe. Mama Eliza alinyakua jembe akatoka mbio, na hakuna aliyemwambia mwenzake asante wala kwaheri.

Mchana Mzee Sefania, msimamizi wa ndiva, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alikuja kusimama mlangoni. Magoti yake yalikuwa na tope.

"Mama Nakundwa, nimekuja mwenyewe ili usiisikie habari hii njiani. Kipande chako hakikuchimbwa."

"Nina mgonjwa, mzee."

"Pole sana. Ungetuma mtu."

"Nani?"

Aliniangalia mimi, akaona nilivyo, akatazama pembeni. "Nikikuachia wewe, wengine nitawaambia nini? Hata jirani yako Mama Eliza amechelewa, na nilipomwuliza sababu amenyamaza. Naye amekosa maji."

Mama alikitazama kigae, ambacho kilikuwa bado kando ya mafiga.

"Alikuwa hapa. Aliniwashia moto."

"Moto?" Mzee Sefania alisema, tena kwa upole. "Kila mtu aliwasha moto asubuhi, mama. Na wote walifika."

Eliudi hakuiona Jumapili.

Ndipo walipokuja. Wote walikuja, na wale waliocheka njiani walikuwa wa kwanza. Walileta makande, walileta ndizi, na kuni walizozileta zilifika usawa wa dirisha. Uani uliwaka moto mkubwa ambao sijauona tena nyumbani kwetu, na moshi wake ulionekana ng'ambo ya bonde. Mzee Sefania aliomba sala nzuri. Mama alikaa juu ya mkeka, akiutazama moto ule, na hakulia mbele yao.

Maji hatukupewa. Maharage yetu yalijikunja, na ya Mama Eliza yakajikunja upande wa pili, mpaka mashamba yote mawili yakawa rangi ya ngozi kavu. Katikati yake masale yalibaki ya kijani, maana masale hayafi kwa jua. Asubuhi moja mama alisimama upande wetu, Mama Eliza upande wake.

"Kwa nini hukumwambia Mzee ulikuwa kwangu?" mama aliuliza.

"Nimwambie nimechelewa kwa sababu ya kigae cha makaa? Angecheka." Akang'oa shina la haragwe lililokauka, akalitupa. "Tena mtoto mwenyewe hakupona."

Kwa miaka mingi maneno hayo ya mwisho yalinikaa kooni. Nilisoma, nikafundishwa Neno, nikawafariji wafiwa wengi, na bado niliona kwamba moto ule haukufaa kitu. Ulimpotezea mwanamke chakula cha msimu, na mtoto tukamzika. Nilisali juu ya jambo hilo bila kupata jibu, nikajifunza kusubiri.

Jibu lilikuja mama alipokuwa mkongwe, amelala kwangu, akili ikienda na kurudi. Kuhusu kuni zile nyingi hakuwahi kusema. Kuhusu sala ile nzuri hakuwahi kusema. Siku moja nilikuwa nampangusa uso kwa kitambaa cha maji, akanishika mkono.

"Mama Eliza," aliniita, "nimemaliza. Nipe sasa mwanangu."

Mama Eliza wakati huo alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilikunja mikono yangu kama mtu aliyebeba mtoto, nikamkabidhi mama. Akampokea.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie isiwepo siku ambayo paa lako linakosa moshi na watu wanapita. Na ikiwepo, akuletee mmoja atakayerudi nyuma. Amina.