Ukurasa wa Fidla ya Kati

Walburga Sedlmayr alikuwa mjane, na kazi yake pale Vienna ilikuwa kunakili nota. Si kazi ya sifa. Mtunzi anaandika simfoni yake kwenye karatasi kubwa, ala zote pamoja, kwa mwandiko wa kuku. Halafu mtu kama Walburga anakaa kitako na kumtolea kila mpiga ala karatasi yake. Simfoni ikipendeza, anasifiwa mtunzi. Ikiharibika, loo, hapo ndipo watu hulikumbuka jina la mnakili!

Na mwezi ule walikuwa wamelikumbuka. Alisahau kuandika kimya cha vipigo viwili, baragumu zikadakia kabla ya wakati mbele ya wageni. Bwana Pirchner, mkuu wa wanamuziki katika jumba la Traunfels, hakumung'unya maneno: "Kosa jingine moja, Bi Walburga, moja tu, kazi nampa mwingine." Na Walburga hakuwa na jumba jingine la kumpa kazi.

Basi Jumapili moja, karatasi za simfoni mpya zimeshachukuliwa kwenda jumbani tangu asubuhi, yeye yuko jikoni anakanda unga, anaimba puani ile sehemu ya fidla ya kati aliyoinakili mwisho. Akaimba, akaimba, akafika mwisho, mikono ikasimama. Wimbo haukurudi nyumbani.

Simfoni za siku zile zilikuwa na adabu zake. Wimbo wa kwanza unapigwa kwa sauti ya nyumbani. Wa pili unapanda juu, unakwenda ugenini. Katikati ni vurugu, kila ala inamkatiza mwenzake. Mwishoni zote mbili zinarudi, na ule wa pili sharti ushushwe, nao upigwe nyumbani. Sasa watunzi ni wavivu jamani. Pale wimbo wa kwanza unaporudi hawauandiki tena. Wanaacha wazi na kuweka maneno mawili, "kama mwanzo", mnakili ajaze mwenyewe. Walburga kwa haraka zake, kwenye karatasi hiyo ya fidla ya kati, alijaza wa kwanza kama mwanzo, akapitiliza, akajaza na wa pili kama mwanzo vilevile. Kauacha hukohuko ugenini.

"Mungu wangu, nimekwisha!" Akatoka mbio, unga mikononi.

"He! Mama, umekuja kutupikia?" bawabu wa jumba akamtania.

"Nipishe kaka, nipishe! Kuna kosa kwenye karatasi."

"Umechelewa. Washaanza, na wakishaanza mlango ule haufunguliwi hata kwa askofu. Kasimame ujia wa watumishi ukitaka."

Akasimama. Mazoezi hawakufanya, hawakufanyaga. Karatasi hufika wino ukiwa mbichi, watu wakapiga. Akausikia wimbo wa kwanza. Akausikia wa pili ukipanda. Vurugu ikaja, ikapita, wimbo wa kwanza ukarudi salama, na Walburga akafumba macho, kwani sasa ilikuwa zamu ya aibu yake.

Haikuja. Wimbo wa pili ulishuka taratibu, fidla ya kati imo ndani yake, imetulia. Watu wakapiga makofi. Walburga akaegemea ukuta.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mzee Wenzel Hruschka na karatasi yake mkononi. Mezani aligawa mchuzi, baada ya chakula akapiga fidla ya kati. Jumba lile halikuajiri mtumishi asiyejua ala.

"Bi Walburga," alinong'ona, "karatasi yako imenipoteza njia."

"Najua, mzee wangu. Ukafanyaje?"

"Nikaiacha iende peke yake. Miaka thelathini napiga simfoni, nisijue njia ya kwetu?"

Walburga alitaka kumbusu. Lakini sauti ya Bwana Pirchner ikasikika mlangoni, "Leteni karatasi zote! Leo nazikagua moja moja!" na damu ikamganda upya. Sikio la bwana lilidanganyika, jicho lake je?

Wenzel akamtazama. Akatazama bakuli la mchuzi lililokuwa limerudishwa kutoka mezani. Akaliinamisha polepole juu ya karatasi, mpaka tone la mwisho. Bwana Pirchner akapitia za wengine wote, ya Wenzel akaifikia mwisho.

"Wenzel! Ng'ombe we!" Bwana Pirchner aliinyanyua karatasi kwa vidole viwili. "Nini hii?"

"Mchuzi wa bata bukini, bwana. Mkono umetetemeka."

"Hata nota moja haisomeki! Mshenzi mkubwa!" Akageuka. "Afadhali uko hapa, Bi Walburga. Ninakilie hii upya. Hizo nyingine nimezipitia, safi. Safi kabisa." Akaondoka akifuta vidole.

"Mzee Wenzel," Walburga alisema, "mbona umejiponza hivyo kwa ajili yangu?"

"Mimi mchuzi wananisamehe kila wiki, dada. Wewe nota wasingekusamehe."

Walburga akaketi palepale sakafuni na karatasi yake inayochuruzika, akalia kwa sauti, akacheka, akalia tena, wala hakujali nani anamwona.