Ndege Iliyopakwa Rangi Mno

Mtaa mzima ulimwita Kapteni, cheo alichotunukiwa na majirani kwa heshima ya ndege ambayo haijawahi kuruka hata kimo cha kuku. Kazi yake ni kuandika mabango ya maduka. Ndege yenyewe, ya viti viwili, aliiunda uani kwa mikono yake, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Mkewe alikuwa akianika shuka kwenye bawa la kushoto. La kulia alikatazwa, kwa kuwa rangi ilikuwa bado mbichi.

Rangi ilikuwa mbichi siku zote. Chochote kilichotulia mbele ya Kapteni kilipigwa mikono mitatu ya rangi ya buluu: mbawa, viti, kichwa cha kila bolti. Paka wa nyumbani alihamia juu ya paa.

Tatizo lilikuwa umeme. Injini iliwaka vizuri, ikanguruma hadi sufuria za jirani zikacheza, lakini betri ikazidi kuishiwa nguvu. Alternata, ambayo kazi yake ni kuijaza betri injini inapofanya kazi, ilizunguka tu kama bosi anayepita ofisini na faili tupu. Kapteni akabadilisha betri, akaipaka rangi. Akabadilisha alternata, nayo akaipaka. Mwisho akanunua regulata mpya, kile kidude kinachosawazisha umeme kabla haujaingia kwenye betri. Kilikuja na rangi ya fedha isiyo na adabu, akakivika buluu kabla hata ya kukifunga. Sindano ya mita haikutikisika.

Ikafika siku ya mkaguzi wa usalama wa anga, ambaye alishasema hii ndiyo ziara ya mwisho: betri isipochaji mbele ya macho yake, faili linafungwa. Na faili likifungwa, injini inakwenda kwa shemeji, kaka wa mkewe, akaifunge kwenye mashine yake ya kusaga unga. Hayo yalikuwa mapatano ya familia. Shemeji alifika kabla ya mkaguzi, na spana zake, na mkokoteni.

"Karibu shemeji. Umekuja kutuombea?"

"Nimekuja kubeba. Ila usijali, unga wako nitakusagia bure. Utakuwa na ladha ya mawinguni."

Mkaguzi akaja, mwanamume mwenye uso kama tangazo la masharti. Hakutaka chai. "Washa," akasema.

Ndege ilifungwa kamba kwenye nguzo, injini ikawashwa. Kapteni alikaa kiti cha kushoto. Mkewe alikuwa kiti cha kulia, kama kule kunaitwa kukaa: kichwa chini ya dashibodi, miguu imepanda juu ya kiti. Regulata ilikuwa kwenye bamba la chuma linalotenganisha injini na miguu ya rubani, na ni mkono wake tu uliopenya pale. Alikuwa ameshika waya uliotoka upande hasi wa betri.

"Gusa regulata na huo waya!" Kapteni akapaza sauti. "Kama ethi yake, njia ya umeme kurudi kwenye betri, ndiyo mbovu, sindano itapanda!"

"Nimegusa!"

Volti kumi na mbili, zikipungua.

"Umegusa kweli?"

"Nimegusa, baba! Au unataka niibusu?"

"Basi ethi ni nzima," Kapteni akatangaza, kwa uhakika wa mtu anayekosea.

Shemeji akaanza kuchagua spana. Mkaguzi akatoa kalamu. Kapteni akaushika usukani kwa mikono miwili, kama mtoto anayeambiwa ashuke kwenye bembea, na kidevu kikaanza kumcheza.

Mkewe alikiona kidevu kile kutoka huko chini. Yeye hakuwa na haja na mawingu. Lakini kuishi na mwanamume aliyenyang'anywa ndege, huku kaka yake akichekelea kila wakienda kusaga kwake? Hasira zikampanda, akaichoma regulata kwa ncha ya waya. Kipande cha buluu kikamdondokea jichoni.

Sindano ikaruka hadi kumi na nne.

"Umefanya nini?"

"Nimelikwaruza lidude lako! Kumbe ndani kuna chuma!"

Umeme, bahati mbaya, haupendezwi na buluu. Hutaka chuma kwa chuma. Regulata ilipakwa, bamba limepakwa, bolti nazo zimepakwa. Kidude kilikuwa kimelalia godoro la rangi, hakigusani na chochote, na hata ule waya wa kupimia ulikuwa ukipapasa rangi tu.

"Zima. Kwangua, funga upya," mkaguzi akasema. "Nataka kuona bila mkono wa mama."

Kapteni akakwangua kwa msasa kama anayemnyoa bi harusi upara. Injini ikawashwa tena: kumi na nne, na mkono wa mtu haupo. Mkaguzi akasaini. Shemeji akaondoka na mkokoteni mtupu, ukilia magurudumu mtaa mzima.

Kapteni alibaki ameinama, akitazama bamba lake lililovuliwa nguo.

"Panatia aibu pale."

"Chini ya dashibodi? Nani ataona?"

"Mimi najua kwamba pako wazi. Mkono mmoja tu, mwembamba."

Akageuka kutafuta kopo la rangi. Mkewe alikuwa ameshalikalia.

"Thubutu," akasema.