Kompaila ya Pili na Jicho la Mama

Miaka ile kompyuta zilizotumika zilipoanza kuingia nchini kwa wingi, tajiri mmoja wa malori pale Makambako aliniachia duka lake la kuchapa barua. Kompyuta moja kuukuu niliiwekea programu huria, zile za bure ambazo yeyote anaweza kuzirekebisha, zikagoma. Kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya mtunzi yawe programu inayofanya kazi, ilikuwa imezitengeneza kwa ajili ya mashine mpya. Nikapata kompaila nyingine ya mashine za zamani kwenye sidii, nikaanza kuzijenga upya, kifurushi kimoja cha programu baada ya kingine. Tajiri hakuwa na habari. Kiherehere changu tu.

Mama alishuka asubuhi kutoka Njombe, jicho moja limeingia ukungu. Daktari wa macho alikuwa anapita kwenye zahanati ya mjini siku ile tu, na mimi ndiye niliyemwita mama nimpeleke.

"Kamwene, mama. Kaa kidogo, hiki kifurushi kinamalizikia."

Akakaa kwenye benchi, kajitanda kitenge kwa baridi. Hakikumalizika ng'o! Mtunzi wake alizoea kompaila ya kwanza iliyomvumilia makosa. Hii ya pili haikumvumilia hata moja. Nasahihisha mstari huu, inakataa ule. Kwetu mtu mwenye kitu jikoni habanduliwi, na mama aliichukulia mashine yangu kama chungu.

"Imeiva?" akauliza.

"Bado kidogo, mama." Jamani, bado kidogo!

Ilipokubali nikapiga makofi peke yangu kama mwehu, ndipo tukatoka mbio. Mlinzi wa zahanati akatuambia daktari ameshaondoka, labda mwakani.

Nilimrudisha Njombe mwenyewe. Baba alikuwa mlangoni.

"Wamesemaje?"

Mama, mzee wa kanisa, mwanamke aliyewahi kunichapa kwa uongo wa kiazi kimoja, akavua viatu bila kumtazama. "Daktari hakuja."

Baba akasonya, akawalaani hao madaktari wa kupita. Mama akaniwekea chakula. Nikakisogeza pembeni.

"Alikuja, baba," nikasema. "Mimi ndiye sikumpeleka."

Baba alimshika mama mkono, akamkalisha taratibu kwenye kiti. Mama akauvuta mkono wake, akanigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona.

"Jicho ni langu," akasema. "Sasa baba yako atakuona mtu wa namna gani?"