Mandazi Yaliyoumuka kwa Sala

Niliolewa Kimanga, mtaa wa Uvira huku Kongo, mwaka uliofuata uhuru, na katika boma lile kila mtu alikuwa amepata uhuru wake isipokuwa mimi. Nchi ilikuwa na bendera mpya. Mume wangu, karani wa bandarini, alikuwa amekalia kiti cha Mbelgiji aliyeondoka bila kuaga. Hata mbuzi wa jirani walipita walikotaka. Mimi sikuwa na mafiga yangu.

Kwetu bibi arusi haingii tu na kuwasha moto. Anapika kwenye moto wa mama mkwe, kwa sufuria ya mama mkwe, na chumvi anapimiwa na mama mkwe, mpaka siku mama huyo atakapoona ametosha. Siku hiyo mama mkwe anaviringisha mawe matatu hadi nyuma ya nyumba ya mwanawe, anayapanga kwa mikono yake na kuleta makaa kutoka jikoni kwake. Tangu hapo mwanamke anaweza kuunguza chakula chake mwenyewe bila kuulizwa. Wenzangu niliosoma nao kwa masista walikuwa wamepata mafiga yao zamani, na walikuwa wakipita kwetu makusudi kunisalimia nikiwa nimeinama juu ya moto usio wangu. Kuhusu mafiga yangu, mama mkwe alitoa sharti mbele ya mume wangu, ili kuwe na shahidi. Ningeyapata siku mandazi yangu yatakapoumuka kama yake. Kila mara aliyapima kwa macho, akasema bado kidogo.

Sikuwa mpishi mbaya, hilo lieleweke. Masista walinifundisha gato, yaani keki, ya mayai, na karanga zilizogandishwa kwenye sukari iliyoungua, na ndizi za kukaangwa ambazo padri mmoja alizila mpaka akasahau kusali kabla ya kulala. Lakini masista walikuwa na sukari nyeupe, siagi ya mkebe na hamira ya Ulaya, ile tuliyoiita levire. Kwa vitu hivyo hata mbuzi angeoka gato.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Aliongoza kikundi cha wamama kanisani kwao, kwa Waprotestanti, ambako pombe ilitangulia dhambi zote. Aliyekamatwa nayo alitengwa: aliondolewa katika kazi za kanisa na kukalishwa benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na wanaume waliooa mke wa pili. Mimi nilikuwa Mkatoliki, na nilikataa kabisa kuzamishwa ziwani nikiwa nimevaa nguo. Kibaya zaidi, mama yangu mzazi, kule Nyamianda, alikuwa mpika kasiksi, pombe ya ndizi, na kasiksi yake ilisifika. Walipokuja kuniposa, mama mkwe aliuliza mbele ya wajomba zangu kama nimelelewa kwa maziwa au kwa pombe. Hakuwahi kukanyaga tena kwetu. Ndivyo nilivyojua mimi.

Halafu vita vya waasi vikaingia mjini. Waliitwa Simba, na walipofika, maduka ya Wagiriki na Wahindi yakafungwa. Sukari ilikuwa ikitengenezwa hapo hapo bondeni, na sasa ikawa mbali kuliko Ulaya. Ndugu za mume wangu wa Runingu walituletea miwa kupitia njia za mashambani, tukaikamua na kuchemsha maji yake mpaka yakawa uji mweusi unaonata kila kitu, pamoja na watu. Unga wa ngano ulivuka kwa mtumbwi kutoka Burundi, kidogo kidogo, nasi tukauchanganya na wa muhogo. Mafuta yalikuwa mawese, tuliyoyaunguza kwanza mpaka wekundu ukatoka na macho yetu yakachukua wekundu huo. Yote hayo yaliwezekana. Levire peke yake haikupatikana kwa njia yoyote.

Mandazi ya Uvira nzima yakalala. Yalikuwa bapa, magumu, ya kutafunwa kwa upande mmoja na kupumzika. Ya mama mkwe tu ndiyo yaliyoendelea kuumuka. Jioni alikuwa akikanda unga, anaufunika kwa kitambaa, anaingia nao chumbani kwake na kufunga mlango. Tulimsikia akisali. Ilikuwa sala ndefu, yenye kupanda na kushuka. Asubuhi unga ulikuwa umesukuma kitambaa kama tumbo la mwenye mimba, na mandazi yakitoka kwenye mafuta yalikuwa ya mviringo, mepesi, matamu, yenye uwazi katikati.

Wamama wa kanisani, waliokuja kila Alhamisi kusali na kula, walitafuta maelezo wakakosa. Mmoja wao akasema ni imani. Mwingine akakumbusha mikate ile mitano na samaki wawili. Tangu hapo habari ikatembea kanisa zima kwamba kiongozi wa wamama anaombea unga nao unasikia.

Nilikasirika sana. Mungu gani huyu anayeumua mandazi ya Waprotestanti tu? Nikachukua rozari yangu nikaisali yote juu ya bakuli, na matendo ya uchungu nikayarudia kwa sababu yalifanana na hali yangu. Yakatoka bapa. Nikamwomba mume wangu, kwa kuwa yeye alikuwa na dini inayotakiwa, asali mahali pangu. Alisali vizuri, hata akaombea serikali. Yakatoka bapa zaidi. Alitafuna moja kwa muda mrefu, akameza, akasema, "Hii iko natia muntu nguvu." Mama mkwe alilichukua jingine, akaligonga kwenye meza, akalirudisha.

"Weye uko unaomba na haraka," aliniambia. "Unga inasikiaka muntu mwenye kutulia."

Alhamisi moja wamama walikuwa wamejaa uani, mafuta yameshika moto, mama mkwe anatumbukiza mandazi ya kwanza. Simba wakaingia. Walikuwa watu wa kufanya msako, wakitafuta mavazi ya askari yaliyofichwa. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya manyoya, na joto la Uvira lilikuwa likimtiririka masikioni. Baadaye tulicheka sana habari ya siku ile, lakini siku yenyewe hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wamepelekwa kwa makosa madogo kuliko koti kuukuu, na hawakurudi.

Watu hao walikuwa wamenyunyiziwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na dawa ile ilikuwa na miiko mingi kuliko kanisa la mama mkwe. Wasiguswe na mwanamke. Wasipokee kitu mkononi mwake. Wasishike matandiko yake. Kwa hiyo mama mkwe, anayejua adabu hata kwa mwenye bunduki, aliweka mandazi juu ya jani la mgomba, akaliweka chini, akarudi nyuma. Wao wakasogea, wakaokota, wakala, wakamtazama kwa heshima. Mkubwa aliuliza yameumukaje.

"Na sala," wakajibu wamama wote pamoja, kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Wakaanza kusaka. Chumbani kwangu hawakukuta kitu. Chumbani kwa mama mkwe ikawa shida, kwa sababu chini ya kitanda hapakuonekana na kitanda hakikuruhusiwa kuguswa. Mkubwa alilala kifudifudi mlangoni, akasukuma mkuki chini ya kitanda na kuanza kuvua kama mtu anayetafuta sandali iliyotumbukia kisimani. Alivuta kapu la Biblia na vitabu vya nyimbo, halafu viatu vya Jumapili. Mwishoni kikaja kibuyu, kikiviringika taratibu mpaka uani, kikasimama mbele ya wamama wa kanisa. Kizibo kikatoka chenyewe kwa kishindo.

Harufu haikuhitaji kuelezwa. Ilikuwa kasiksi, na si ya jana.

Niliangalia kibuyu nikakijua. Kilikuwa na ufa ubavuni, umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Uzi ule aliupitisha mama yangu, baada ya mimi kukiangusha utotoni na kulipwa kofi ambalo nalikumbuka mpaka leo. Nikaelewa yote kwa mara moja: mlango uliofungwa, ile sala ya kupanda na kushuka, kitambaa chenye mimba. Machicha ya pombe ya mama yangu ndiyo yaliyokuwa yakiumua mandazi ya Waprotestanti.

"Nani anakunywaka mu hii nyumba?" mkubwa aliuliza. "Si mulisema hapa ni kwa watu ya sala?"

Wamama walikitazama kibuyu, wakakitazama chumba kilikotoka, na macho yao yakaanza safari kuelekea kwa mwenye chumba. Mama mkwe alikuwa akipangusa unga mikononi, akaendelea kuipangusa hata ilipokwisha kuwa safi. Mbele yake aliliona benchi la mwisho, na wale wenye wake wawili wakisogea kumpisha.

Nikisema sikufurahi nitakuwa mwongo. Nilifurahi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Lakini alikuwa mzee ghafla, na mdogo, nikamhurumia. Tena, nisifiche, akili yangu ilikuwa ikifanya kazi: mwanamke aliyetengwa hana uso wa kumpangia mtu mafiga.

"Ile kibuyu ni ya mama yangu," nikasema. "Inatoka Nyamianda. Minye niko Mukatoliki."

Kila neno lilikuwa la kweli. Mkubwa alisema "Ah," kama nimemwonyesha kibali chenye mhuri. Wamama nao wakasema "Ah." Mmoja tu, mwenye kupenda kujua, aliuliza kwa nini sasa kilikuwa chini ya kitanda kile.

"Nani angetafuta pombe chini ya kitanda ya Mama?" nikamjibu.

Mkubwa alikiokota kibuyu. Alinusa mara ya pili, polepole, amefumba macho, na nikaona koo lake likimeza kitu ambacho hakijafika. Mwenzake akamgusa bega. "Mukubwa, ilikuwa mu chumba ya mwanamuke. Dawa itakufa." Alikaa nacho kidogo. Halafu akakirudisha chini, akakigeuza vizuri kisianguke, akaondoka bila kuangalia nyuma. Sijapata kuona mwanamume akiagana na kitu kwa uchungu namna ile.

Simba walipokwenda, wamama waliniombea. Waliniweka katikati, wakanishika kichwa, wakaombea kinywa changu, ukoo wangu, na kwa kirefu sana Nyamianda nzima. Mama mkwe alikuwa miongoni mwao. Amina yake ilichelewa.

Jioni ile mume wangu aliporudi, alisikia habari kwa jirani, akanitazama kwa mshangao ambao, kusema kweli, ulikuwa na mapenzi ndani yake.

Asubuhi niliamshwa na kelele ya jiwe linaloviringishwa. Nilitoka nikamkuta mama mkwe nyuma ya nyumba yetu, ameinama, anasukuma figa la tatu kwa mikono miwili.

"Uko unaangalia nini?" akasema. "Kamata upande hii."

Nikakamata. "Mama, lakini mandazi yangu haijaumuka bado."

"Itaumuka."

Aliyapanga mawe, akayatikisa moja moja, akaingia kwake. Akarudi na kigae cha makaa mkono mmoja, na kibuyu mkono mwingine. Aliweka vyote viwili mbele yangu.

"Unatia kijiko mu unga, kisha unafunika. Kila siku unaipa ndizi yenye kuiva, kidogo tu. Ikikosa kula, inakufa."

"Nani alikufundisha?"

"Mama yako."

Alinieleza akiwa ameangalia makaa. Wiki ile maduka yalipofungwa, alijifunga kitenge mpaka machoni, akaenda Nyamianda peke yake. Mama yangu alimcheka mpaka akakaa chini, halafu akampa kibuyu, na viazi vitamu vya kula njiani. Tangu hapo alikuwa akienda mara kwa mara, na wao wawili walikuwa wakiongea kama dada. Hapo nilimkasirikia mama yangu mzazi. Alijua ninavyohangaika na mandazi yangu bapa, nilimlilia mara ngapi, naye ananipangusa machozi na ananyamaza.

"Na sala je?" nikauliza.

"Naomba kweli," alisema kwa ukali. "Naomba Mungu muntu asichungulie." Akapuliza makaa mpaka yakashika kuni zangu za kwanza. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Minye sikusema ni sala, mwanangu. Ni wao walisema. Minye nilisema tu amina, na kisha sikujua namna ya kuirudisha."

Alhamisi iliyofuata nilikaanga juu ya mafiga yangu mwenyewe. Mandazi yalivimba kwenye mawese, yakajigeuza yenyewe, nikayapeleka kwa wamama nikiwa nimenyoosha shingo kuliko inavyofaa. Waliyapasua, wakaona uwazi katikati, wakatazamana. Yule mwenye kupenda kujua akainua lake juu. Akasema wote wameshuhudia: waliniombea Alhamisi iliyopita, na leo tazameni, hata unga wa Mkatoliki umesikia.

Wote wakanigeukia. Mama mkwe alikuwa akitafuna, ameinamisha macho, mabega yanamtikisika kidogo.

"Amina," nikasema.