Kanuni Mia Mbili na Mtani Mmoja

Michezo ya kusimulia nilijifunza peke yangu, kwa kusoma kwenye simu vitabu vya kanuni vya nchi za mbali. Mchezo wenyewe ni hivi: watu wanakaa mezani, kila mmoja anabuni mtu wake, shujaa au mchawi. Msimulizi anawaeleza dunia waliyomo, na jambo likiwa la mashaka, dadu huamua. Vitabu vile niliviona vina mapengo, nikaandika changu. Kilifika kanuni mia mbili: uzito wa mzigo, kiu ya kiangazi, jedwali la majeraha lenye mistari arobaini. Nilikinakili upya mara tatu kwa sababu ya mistari iliyopinda.

Jirani yangu hapa Chang'ombe, dada mshonaji, alikuwa na mchezo wake pia. Kanuni zake zote zilienea kwenye karatasi moja ya daftari. Kwake, dadu ikikukatalia bado unafanikiwa, ila unachagua utapoteza nini. Niliudharau. Niliwaambia watu kwamba mchezo ambao msimulizi anaweza kumpendelea mtu si mchezo. Bado naona kuna ukweli humo, maana namba hazina ndugu. Lakini nakiri kwamba sikuwa nikitafuta haki. Nilitaka tu kusiwe na wa kunilaumu.

Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi alicheza kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Mwaka jana alimzika baba yake huko Kongwa. Wiki mbili baadaye alirudi mezani na mtu mpya wa kubuni: mfugaji mzee mwenye fimbo, anayekohoa kidogo kabla ya kusema. Nilikijua kikohozi kile.

Siku hiyo mzee alisimama kulinda kisima dhidi ya fisi wa kichawi. Dadu ikaanguka namba mbili, ya kushindwa. Nikafungua jedwali. Rafiki yangu aliniangalia.

"Kitabu kinasemaje?"

Ningeweza kukifunga. Nikasoma: "Jeraha la shingo. Anakufa papo hapo."

Alizikusanya dadu zangu, akazipanga vizuri mbele yangu. "Umehesabu sawasawa," akasema, akaaga.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Nikasikia anacheza kwa mshonaji. Wiki nzima nilitafuta kosa kwenye jedwali, na lililoniumiza ni kwamba halikuwa na kosa. Mwishowe nikaenda, kitabu kwapani, nikiwa sijui kama atanikubali.

Walikuwa watatu kwenye meza ya kukatia vitambaa: yeye, mshonaji, na kijana mmoja mchuma zabibu wa Makutupora. Mzee yule yule alikuwa amehamia mchezo huu, na nilipoingia alikuwa anakufa tena. Nilitegemea kimya. Badala yake mchuma zabibu akainyakua rula ndefu ya mshonaji, ambayo ndiyo ilikuwa fimbo.

"Lete hapa, mzee. Hata mbuzi walikuwa hawaiogopi. Na hicho kikohozi unamwachia nani?"

Rafiki yangu akacheka hadi akafuta macho.

Nikakumbuka mazishi ya Kongwa. Mtani wa ukoo wao alivaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake mbele ya wafiwa, na mama mjane akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Mimi niliona ni utovu wa adabu. Mshonaji naye alikuwepo, na alichokiona alikiandika chini ya karatasi yake: mtu akifa, aliyekaa kushoto kwake ndiye mtani wake; amtanie, na arithi kitu kimoja.

Nikatoa kalamu. Nikauliza kama utani nao unarushiwa dadu, ili niuandike uwe kanuni ya mia mbili na moja. Wote wakanitazama.

"Haurushiwi," rafiki yangu akasema. Hakutabasamu. Kisha akavuta kigoda, akakiweka upande wake wa kushoto. "Kaa."

Nilikaa. Kitabu nilikiweka chini, na kwa kuwa ndivyo nilivyo, nilitandika kwanza kipande cha kitambaa kisije kikachafuka.