Turudie na wimbo usiorudiwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kagongwa. Fikirini Ahmad amepiga magoti kwenye stoo ya mchele, anasogeza stendi ya maiki inchi moja kushoto. Anasimama, anavaa hedifoni, anasikiliza. Kisha anairudisha inchi moja kulia.

"Washa tena!" anapaza sauti kupitia dirishani.

Upande wa pili wa ukuta, Kudra, mwenye mashine ya kukoboa mpunga ambaye hapa kila mtu anamwita Mama Shadya, anampa ishara fundi wake. Injini kuukuu ya dizeli inakohoa, inashika, na ukuta mzima unaanza kutetemeka. Ni mara ya tano inawashwa tangu alfajiri.

"Huyu baba atanimalizia mafuta," Mama Shadya anamwambia mwandishi wa makala haya. "Na kuimba kwenyewe hawajaanza."

Fikirini ana umri wa miaka 53, mzaliwa wa Ibadakuli, Shinyanga. Ni prodyuza mwenye studio yake Buseresere, chumba kimoja ambacho kuta zake amezipanga magunia ya pamba ili kelele za nje zisiingie. Wachimbaji wa dhahabu wa huko wanamwita Turudie, kwa sababu hilo ndilo neno analolitamka kuliko mengine yote. Kuna kwaya aliyoirudisha mwanzo wa wimbo mara thelathini na moja, mpaka mwalimu wao akatoka kwenda kujisaidia na hakuonekana tena.

"Niliwarudishia hela yao," anasema bila aibu hata kidogo. "Lakini sauti ya pili walikuwa wanapanda mapema."

Mwandishi amekaa naye siku tatu na hajamwona akimaliza kikombe cha chai. Anakiacha dirishani, anakwenda kukaza waya, anarudi anaagiza kingine. Kukaa naye kunachosha, na kwa kweli kunaambukiza. Siku ya pili mwandishi naye alishindwa kumaliza chake.

Leo ana haki ya kuhangaika. Wimbo anaotaka kuurekodi ameusubiri kwa zaidi ya miaka ishirini, na ameruhusiwa kuurekodi mara moja tu. Hakuna kurudia.

Aliyetoa amri hiyo ni Loveness, binti wa Marselino, mwimbaji wa besi ambaye ni rafiki wa Fikirini tangu ujana. Marselino ana miaka 57 na mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mawe. Kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Daktari alimkataza kuimba. Yeye alikubali, kisha akamwambia binti yake kwamba ataimba wimbo mmoja halafu ndipo aanze kutii.

"Shikamoo, baba mdogo," Loveness alimsalimia Fikirini walipofika jana.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba ataimba mara moja. Ukisema lile neno lako, namchukua tunaondoka."

Ili kuelewa kwa nini watu wazima watatu wanarekodi muziki kwenye mashine ya mpunga, inabidi kurudi mwaka 1991, kwenye kijiwe kimoja cha Ibadakuli. Mjomba wake Fikirini alikuwa dereva teksi, na abiria mmoja alisahau kanda kwenye gari lake. Ilikuwa na nyimbo za Wamarekani wa zamani, mtindo unaoitwa duwopu: vijana wanasimama kwenye kona ya mtaa bila gitaa wala ngoma, mmoja anaongoza, wengine wanampigia muziki kwa midomo.

"Tulisema hawa ni sisi," anakumbuka Fikirini. "Vyombo hatuna, kona tunayo."

Yeye alitoka kwenye kasida za madrasa, akashika sauti ya kwanza. Theonest, mtoto wa jirani, alitoka kwenye kwaya ya parokia, akashika sauti ya kati. Marselino, aliyekuja mjini kutoka kijijini akiongea Kiswahili cha kuungaunga, alikuwa na besi ambayo wenzake hawakuelewa inatoka sehemu gani ya mwili. Wakajiita Kijiwe Sauti Tatu.

Muziki haukuwalisha. Mwaka 1997 walikwenda machimboni Geita, wakapata kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Walipakia mawe huku wakiimba, migongo wameegemeza kwenye fremu ya injini, na vumbi likiwaingia kinywani kila walipovuta pumzi. Wachimbaji wakawa wanaleta mawe kwenye karasha yao ili wawasikilize. Wimbo uliopendwa zaidi waliutunga wenyewe, "Narudi Jumamosi", wa mchimbaji anayemwambia mama yake apike wali, halafu kila wiki anasogeza siku.

Mwaka 2003 walichanga mishahara ya miezi minne, wakaenda studio moja Mwanza. Chumba kilikuwa kimya, kimewekwa zulia. Fikirini akahesabu moja, mbili, tatu. Wakaanza kila mmoja kwenye noti yake.

Walijaribu siku nzima. Walioimba pamoja miaka kumi na miwili walikuwa wanapishana kama wageni. Mwenye studio alicheka, akawawekea kinanda juu, na kanda iliyotoka haikuuzika hata Ibadakuli.

"Nilikuja kugundua baadaye sana," anasema Fikirini. "Noti yetu ya kuanzia tulikuwa tunaichukua kwenye injini. Miaka yote ya machimboni tuliiegemea ile mashine bila kujua, na masikio yakasahau kazi yake. Kule Mwanza tulitafuta kitu cha kuegemea, hakipo."

Kundi lilivunjika kwenye basi la kurudi. Theonest alirudi kulima. Marselino alibaki kwenye karasha miaka mingine kumi na sita, na hapo ndipo lilipomkuta vumbi. Fikirini aliingia kwenye kurekodi kwa hasira, na anakiri hivyo mwenyewe. Alitaka kujua ni kitu gani kilichomshinda.

Tangu hapo hajatulia. Mchimbaji akisikia dhahabu imeonekana mahali anahama, na Fikirini anahama naye, maana penye dhahabu pana harusi, kwaya na vijana wenye hela ya kujisikia redioni. Studio yake imeshahama mara saba. Mwezi mzuri inaingiza shilingi laki sita, mwezi mbaya hata umeme unamshinda. Mkewe, Mwaisha, amebaki Ibadakuli na amezoea. Anasema akimkuta mumewe amekaa chini atamwita daktari.

Miaka minne iliyopita Fikirini alikuwa kwenye gari kwenda msibani Shinyanga. Walipopita Kagongwa alipiga kelele, "Shusha!" Alikuwa ameisikia. Alifuata mlio nyumba hadi nyumba hadi kwa Mama Shadya, akakuta injini ileile ya karasha, na gurudumu lake bado lina kiraka ambacho yeye mwenyewe alikishika wakati fundi akikichomelea. Iliuzwa, ikauzwa tena, sasa inakoboa mpunga. Msibani hakufika.

Aliirekodi kwa simu, akawawekea wenzake kwenye hedifoni. Theonest aliimba vizuri. Marselino alizivua, akamrudishia.

"Hii ni sauti ya mashine," alimwambia. "Siyo mashine."

Ndiyo maana wako hapa. Stoo ya mchele na chumba cha injini vinatumia ukuta mmoja, na magunia yanapunguza kelele kiasi cha maiki kuweza kuvumilia. Marselino ataimba ameegemea ukuta.

Saa moja na robo anaingia, Loveness amemshika mkono. "Mwangaluka," anawaamkia kwa Kisukuma, kisha anakaa juu ya gunia na kutulia mpaka pumzi irudi. Theonest anamwekea kiganja begani. Fikirini anasogeza maiki, anairudisha, anaisogeza tena.

"Fikirini," anasema Marselino, "niache nife nimekaa sawa basi." Wote wanacheka, na kicheko kinamgharimu kikohozi kirefu.

Injini inawashwa. Marselino anafumba macho, anasukuma mgongo wake ukutani, na uso wake unabadilika kama wa mtu aliyefika kwake. Anaanza peke yake. Besi inatoka chini, nyembamba kuliko zamani lakini imenyooka. Theonest anaingia, kisha Fikirini.

*Mama pika wali, narudi Jumamosi.*

Mwandishi si mtu wa kulia ovyo. Ubeti wa kwanza alijikaza.

Ubeti wa tatu umefika katikati pale injini inapokohoa. Inapiga mara mbili, inasita, inazimika. Mafuta yamekwisha. Majaribio yote yale ya tangu alfajiri, washa, zima, washa tena, yameyamaliza.

Fikirini anakodoa macho. Mkono wake unapanda, mkono uleule unaosimamisha kwaya za watu. Mwanza imemrudia waziwazi usoni. Loveness amekwishanyanyuka.

Lakini Marselino hajafumbua macho. Besi inaendelea, kwenye noti ileile, ukuta ukiwa kimya mgongoni mwake. Theonest anamfuata. Mkono wa Fikirini unabaki hewani, kisha unashuka taratibu, naye anaingia kwenye kiitikio akiwa amechelewa maneno mawili. Wanamaliza wimbo watatu peke yao, bila kuegemea kitu chochote, na hakuna anayepishana.

Nje jogoo anawika, na hilo nalo limerekodiwa.

Fikirini anainama kwenye kompyuta yake mpakato, anasikiliza tena tangu mwanzo. Makosa yamo yote: injini kuzimika, yeye kuchelewa, kikohozi kidogo mwishoni, jogoo. Mama Shadya ametokea mlangoni na kidumu cha dizeli. Kila mtu anamtazama Fikirini mdomo.

"Nitautoa hivihivi," anasema. "Na injini inavyozimika humohumo. Wiki ijayo naupeleka redio za Kahama na Shinyanga, lakini kwanza unapigwa uani kwa Marselino, majirani waje. Baada ya hapo narudi Ibadakuli. Kama kuna dhahabu mpya mahali, msiniambie."

Theonest anaguna kwamba hayo ameyasikia tangu mwaka 2003.

Marselino bado yuko kwenye gunia, jasho linamtiririka, anavuta pumzi kwa shida. Inachukua muda hadi apate ya kuongelea. Anamtazama rafiki yake kwa macho ya kichokozi.

"Turudie?"

Fikirini anavua hedifoni, anaziweka sakafuni. Anasogea, anakaa kwenye gunia kando yake, na yeye pia anaegemea ukuta.

"Hapana, kaka," anasema, akimalizia na shukrani ya Kisukuma. "Umeimba. Wabeja."